Kampeni ya Kuwatoa Wafungwa wa Kisiasa Chini ya Utawala Unaoshikiliwa na Jeshi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Myanmar

Tarehe 13 Januari 2012 serikali ya Rais Thein Sein wa Myanmar, jenerali aliyevua magwanda na kuvaa nguo za kiraia, iliwaachilia wafungwa 651 kwa msamaha mmoja. Miongoni mwao walikuwamo Min Ko Naing, Ko Jimmy na viongozi wenzao wa maandamano ya wanafunzi ya 1988, ambao tangu Novemba 2008 walikuwa wakitumikia vifungo vya miaka ipatayo 65 katika magereza ya mbali, yaliyotawanywa makusudi ili familia zao zipate taabu kuwafikia. Siku hiyohiyo Marekani ilitangaza kwamba ingerudisha uhusiano wa ngazi ya balozi na nchi hiyo. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Utawala ulikuwa unataka kitu, kulikuwa na watu waliosisitiza kwa miaka mingi kwamba bei ya kitu hicho ni uhuru wa wafungwa, na orodha ya majina ilikuwa tayari mezani.

Hoja hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu. Utawala unaosimama juu ya bunduki hauachilii watu kwa kuona haya, wala kwa wingi wa saini peke yake. Huwaachilia pale unapohitaji kutambuliwa, unapohitaji fedha, au unapotaka kuonekana umebadilika. Wewe uliye nje huwezi kuipanga siku hiyo. Unachoweza ni kumsaidia mfungwa awe hai itakapofika, na kuhakikisha kwamba jina lake, lililoandikwa sawasawa, limo kwenye orodha inayosomwa.

Myanmar nimeichagua kwa sababu imepita katika hali zote: udikteta wa wazi wa kijeshi, kisha serikali ya kiraia iliyoshikiliwa na jeshi kuanzia 2011, kisha mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021 yaliyoongozwa na Jenerali Min Aung Hlaing, kisha uchaguzi wa awamu ulioanza tarehe 28 Desemba 2025 huku chama kilichoshinda uchaguzi wa 2020 kikiwa kimefutwa na viongozi wake wakuu wakiwa gerezani. Hadi mwisho wa 2025, Jumuiya ya Kusaidia Wafungwa wa Kisiasa, inayojulikana kwa kifupi kama AAPP, iliyoanzishwa mwaka 2000 na wafungwa wa zamani katika mji wa Mae Sot kwenye mpaka wa Thailand, ilikuwa bado inahesabu zaidi ya watu 20,000 walio kizuizini kwa sababu za kisiasa.

Hatua ya kwanza: pata ridhaa kabla ya kuandika neno lolote hadharani

Kampeni isiyoanzia kwa familia ni hatari kwa mfungwa mwenyewe. Kabla ya kuchapisha picha au jina, mtafute ndugu wa karibu au wakili na umuulize mambo matatu: je, familia inataka jina litajwe hadharani, je, kuna mazungumzo ya chinichini yanayoendelea ambayo kelele zitayavuruga, na je, ni nani mwenye kauli ya mwisho iwapo ndugu watatofautiana. Andika majibu pamoja na tarehe, kisha uulize tena kila baada ya miezi michache, kwa maana familia iliyokataa mwezi wa kwanza inaweza kukubali mwezi wa sita, na iliyokubali inaweza kuogopa baada ya nyumba yake kupekuliwa.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Baada ya 2021 askari walipomkosa waliyemtafuta waliwakamata wazazi, wake, hata watoto wake, wakawashikilia kama rehani. Njia za mtandao zinazounga mkono jeshi, hasa kwenye Telegram, zimekuwa zikitangaza majina na anwani za wakosoaji, na wengi wao wakakamatwa baadaye. Septemba 2022 msemaji wa utawala alionya kwamba hata kupenda au kusambaza ujumbe wa makundi ya upinzani mtandaoni kunaweza kumpeleka mtu gerezani. Kwa hiyo, wewe uliye Nairobi, Muscat au Toronto usimtumie ndugu aliye ndani ya nchi kiungo cha kampeni yako, usimtaje katika ujumbe wako, na usimwombe akupigie picha ya lango la gereza. Mawasiliano yapitie mtu mmoja aliyekubaliwa, kwa programu yenye ujumbe unaojifuta, na tumieni maneno ya kawaida ya nyumbani ambayo hayatamponza akipekuliwa simu kwenye kizuizi cha barabarani.

Hatua ya pili: andika faili la mfungwa kana kwamba litasomwa na adui

Hapa ndipo kampeni nyingi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Faili ni karatasi moja au mbili zenye taarifa zilizothibitishwa, na kila kitakachofuata, iwe barua, malalamiko kwa Umoja wa Mataifa au mahojiano na mwandishi wa habari, kitachotwa humo. Kosa moja la tarehe litampa msemaji wa serikali nafasi ya kusema kwamba habari yote ni ya uongo.

Anza na jina. Waburma wengi hawana jina la ukoo, na watu kadhaa katika gereza moja wanaweza kuitwa vilevile kabisa. Ndiyo maana orodha za wenyeji huweka jina la mfungwa, jina la baba yake, umri, mji anakotoka na, pale inapowezekana, namba ya kitambulisho cha taifa. Maneno U, Daw, Ko na Ma yanayotangulia majina mara nyingi ni ya heshima na ya rika, kwa hiyo anayeandika faili kwa Kiswahili asidhani ni jina la kwanza, ingawa wapo watu ambao Ko au Ma ni sehemu ya jina lenyewe na ni familia itakayokwambia. Namba ya kitambulisho ibaki kwenye nakala ya siri tu; kwenye nakala ya hadharani, jina la baba usiliweke wala usiliondoe bila kuiuliza familia.

Baada ya jina, andika mfululizo wa mahali alipopita: alikamatiwa wapi na nani, saa ngapi, mbele ya nani, alipelekwa kituo gani cha mahojiano, alionekana lini mara ya kwanza, alifikishwa mahakama ipi, yuko gereza gani sasa. Mahabusu wa Yangon kwa kawaida hupitia kituo cha mahojiano cha jeshi, kisha kituo cha polisi, kisha gereza la Insein, jengo la enzi za Waingereza lenye mabweni yanayotoka katikati kama njiti za gurudumu. Wa Mandalay huishia Obo. Kila uhamisho uandikwe, kwa sababu katika uhamisho ndimo watu wanamopotelea.

Kisha afya. Taja ugonjwa, dawa, kipimo, na mara ya mwisho dawa ilipofika. Mwisho, mbele ya kila taarifa weka alama: imethibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana, imetoka chanzo kimoja, au haijathibitishwa. Ya daraja la tatu isitoke nje ya faili. Nasema hivi nikijua uchungu wa kulala na habari ya mateso usiyoweza kuitangaza, lakini mfungwa anahitaji kuaminiwa kwako kesho kuliko anavyohitaji hasira yako leo.

Hatua ya tatu: jua amefungwa kwa sheria ipi

Sheria ndiyo itakayokuambia kama jina lake lina nafasi katika msamaha ujao. Kifungu cha 505A, kilichoingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu siku chache tu baada ya mapinduzi, kinaadhibu kueneza hofu au habari za uongo na kinabeba hadi miaka mitatu. Waliofungwa kwa kifungu hicho wamekuwa wepesi zaidi kuachiliwa. Mwishoni mwa Novemba 2025, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, utawala ulitangaza msamaha uliowagusa zaidi ya watu 3,000 waliohukumiwa kwa makosa ya aina hiyo. Waliofungwa kwa sheria ya kupambana na ugaidi ya 2014 wamekuwa wakirukwa. Ipo pia sheria ya vyama haramu ya 1908, urithi wa mkoloni, ambayo kila utawala tangu uhuru umeona inafaa kuitunza.

Usidanganywe na shtaka la kawaida. Miongoni mwa makosa ya mwanzo aliyobandikwa Aung San Suu Kyi, kiongozi wa NLD, chama kilichoshinda uchaguzi wa 2020, lilikuwa la kuingiza nchini simu za upepo kinyume cha sheria. Mashtaka yakaongezwa hadi jumla ya kifungo chake ikafika miaka 33, kisha Agosti 2023 ikapunguzwa hadi 27, na punguzo hilo likatangazwa kama huruma. AAPP hutumia maana pana ya mfungwa wa kisiasa inayomjumuisha pia aliyebambikiwa kosa la jinai, ilhali Amnesty International, katika kumwita mtu mfungwa wa dhamiri, humtenga aliyetumia au kuhimiza nguvu. Tangu vijana wengi wa Myanmar waliposhika silaha baada ya 2021, tofauti hiyo imekuwa na uzito mkubwa. Ushauri wangu ni kutoficha ukweli: kwa aliyefungwa kwa maneno au maandamano, dai aachiliwe bila masharti, kwa aliyekamatwa na silaha, dai asiteswe, asinyongwe, na ahukumiwe na mahakama ya haki. Ukiwachanganya wote katika dai moja utawapoteza wote.

Angalia pia aina ya mahakama. Katika wilaya zilizowekwa chini ya sheria ya kijeshi, kuanzia Hlaingthaya mjini Yangon Machi 2021, raia huhukumiwa na mahakama za kijeshi ambazo hukumu zake hazina njia ya kawaida ya rufaa. Aliyehukumiwa kifo anabaki kumwomba huruma mkuu wa jeshi. Mawakili wa Afrika Mashariki wana hoja iliyoiva katika jambo hili, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua tarehe 31 Januari 2025 kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa ni kinyume cha katiba, ingawa Bunge lilipitisha sheria mpya ya kuzirudishia mamlaka hayo miezi michache baadaye. Wakili wa Kampala au Nairobi anayetaka kuchangia kampeni ya Myanmar, mchango wake bora ni maoni ya kisheria ya kurasa chache yanayoeleza kanuni hiyo.

Hatua ya nne: siku za mwanzo dai kuonekana, si kuachiliwa

Hatari kubwa kuliko zote iko kati ya kukamatwa na kufikishwa gerezani. Khin Maung Latt, mratibu wa chama cha NLD mjini Yangon, alichukuliwa nyumbani usiku wa tarehe 6 Machi 2021, na asubuhi yake familia ikaambiwa ikachukue maiti. Mshairi Khet Thi alikamatwa Mei mwaka huohuo pamoja na mkewe. Siku iliyofuata mke akaambiwa aende hospitali, akadhani mumewe amevunjika mkono. Alimkuta chumba cha maiti.

Kwa hiyo ndani ya saa chache za kwanza, ujumbe wa kampeni uwe mfupi: yuko wapi, nani anamshikilia, aonwe na daktari na wakili. Utumwe kwa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva, ambako upo utaratibu wa maombi ya haraka yanayokwenda kwa mtaalamu maalumu wa masuala ya mateso, kwa mtaalamu maalumu wa Myanmar, na kwa kikosi kazi cha watu waliotoweshwa. Si lazima uwe mwanasheria ili kutuma. Wakati huohuo nakala ziende AAPP na kwa mashirika yenye mitandao ya hatua za haraka, kama Amnesty. Aliyekushikilia akijua kwamba kuna watu kumi katika nchi tano wanaouliza jina lako, uwezekano wa wewe kufika gerezani ukiwa hai huongezeka, na kufika gerezani, kwa uchungu wote ulio ndani ya maneno hayo, ni ushindi wa kwanza.

Hatua ya tano: peleka kesi kwa Kikosi Kazi cha Kuwekwa Kizuizini Kiholela

Chombo hiki cha Umoja wa Mataifa kina wataalamu watano na ni moja ya milango michache ambayo mtu wa kawaida anaweza kuigonga bila ada, bila wakili, na bila kumaliza kwanza mahakama za nchi husika. Kuna fomu ya maswali inayojazwa. Ukiwa na faili lililoandikwa vizuri, kuijaza ni kazi ya jioni chache. Kikosi huituma kesi kwa serikali na kuipa siku 60 za kujibu, kisha hutoa maoni kama kizuizi ni cha kiholela, kwa kuangalia aina tano: kukosekana kwa msingi wowote wa kisheria; kufungwa kwa kutumia haki kama ya kusema na kukusanyika; kesi isiyo ya haki; kushikiliwa muda mrefu kwa wahamiaji na waomba hifadhi; na ubaguzi. Kesi nyingi za Myanmar huangukia ya pili na ya tatu kwa pamoja.

Maoni hayo hayafungui kufuli. Faida yake ni kwamba tangu siku hiyo si wewe unayesema mtu huyu amefungwa kwa dhuluma; ni Umoja wa Mataifa, na kila mwanadiplomasia anaweza kulinukuu hilo bila kuogopa kuonekana mwanaharakati. Hivyo ndivyo ilivyotumika Misri, utawala mwingine uliozaliwa na jeshi, katika kesi ya mwanaharakati Alaa Abd El-Fattah. Kifungo chake cha miaka mitano kilipaswa kuisha Septemba 2024, lakini wakuu walikataa kuhesabu miaka miwili aliyokaa mahabusu. Mama yake, Laila Soueif, alianza mgomo wa kula. Mei 2025 Kikosi Kazi kikatoa maoni kwamba kizuizi ni cha kiholela. Septemba 2025 akasamehewa. Hakuna anayeweza kusema ni kipi hasa kilichofungua mlango, bali ni wazi kwamba ushahidi wa Geneva na uchungu wa mama vilikuwa vikisukuma mahali pamoja.

Hatua ya sita: tafuta anachokitaka mwenye funguo

Kaa na wenzako na muandike kwenye karatasi moja: utawala huu unahitaji nini mwaka huu, na nani anaweza kuutolea au kuunyima? Kwa Myanmar orodha ina mambo kama kiti katika mikutano ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ambayo tangu makubaliano ya vipengele vitano ya Aprili 2021 imekuwa ikiwazuia majenerali kuhudhuria vikao vya juu. Kutambuliwa kwa uchaguzi. Na mapato ya gesi yanayopitia MOGE, shirika la serikali la mafuta na gesi, ambalo Umoja wa Ulaya uliliwekea vikwazo Februari 2022. Kisha jiulize ni nani kati ya hao unayeweza kumfikia kweli.

Mswahili anaweza kudhani yuko mbali na meza hiyo, lakini sivyo. Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilichaguliwa kuketi katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kwa kipindi cha 2025 hadi 2027, na azimio kuhusu Myanmar huja mbele ya baraza hilo kila mwaka. Misimamo ya nchi hizo huandaliwa na maofisa ambao aghalabu hawajawahi kuandikiwa na raia hata mmoja juu ya nchi hiyo. Barua fupi yenye heshima, ikifika wizarani mwezi mmoja kabla ya kikao, ina uzito kuliko unavyofikiri. Inaweza kuandikwa hivi:

«Mheshimiwa Waziri, sisi tuliotia saini hapa chini ni raia wa Kenya. Tunaomba ujumbe wetu mjini Geneva, katika kikao kijacho, uunge mkono azimio kuhusu Myanmar na utaje kwa majina wafungwa watatu ambao Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kimekwisha kusema kwamba wamefungwa kiholela. Taarifa zao tumeziambatisha katika ukurasa mmoja. Tutashukuru kupata jibu kabla ya kikao kuanza, na tuko tayari kuja ofisini kwa maelezo.»

Zingatia kwamba barua inaomba mambo mawili tu, inataja majina yasiyozidi matatu, na inampa mpokeaji njia ya kujibu. Barua ya kurasa sita inayohukumu sera yote ya mambo ya nje huishia kabatini.

Ahadi ukishaipata, ifanye iwe na tarehe. Julai 2013, akiwa London, Thein Sein aliahidi mbele ya hadhara kwamba ifikapo mwisho wa mwaka hapatakuwa na mfungwa wa dhamiri nchini mwake. Tangu Februari mwaka huo kulikuwa na kamati ya kuchambua majina, na wafungwa wa zamani walipewa viti ndani yake. Waliofika na orodha zilizothibitishwa waliona majina yao yakipita moja baada ya jingine. Desemba ilitolewa amri ya msamaha, lakini wapo waliobaki ndani, na wakulima na waandamanaji wapya wakawa wanaendelea kukamatwa kwa sheria zilezile. Funzo la kikazi ni kudai mambo mawili kwa wakati mmoja: watu watoke, na sheria iliyowafunga ifutwe.

Hatua ya saba: fuata kalenda ya misamaha

Majenerali wa Myanmar hutoa misamaha siku zinazojulikana: Siku ya Uhuru tarehe 4 Januari, Siku ya Muungano tarehe 12 Februari, mwaka mpya wa Kiburma katikati ya Aprili, na baadhi ya sikukuu za mwezi mpevu za Kibudha. Tarehe 4 Januari 2025, kwa mfano, ilitangazwa kuwa wataachiliwa watu 5,864. Wingi wa namba hizo ni wa wafungwa wa makosa ya kawaida, na wa kisiasa huwa sehemu ndogo, kwa hiyo usishangilie tarakimu kabla ya kuona majina.

Panga kazi kurudi nyuma kutoka kwenye tarehe hizo. Wiki sita kabla, sahihisha faili zote. Mwezi mmoja kabla, tuma orodha fupi kwa balozi zenye uhusiano na utawala, Japani na India zikiwamo, na kwa nchi inayoongoza ASEAN mwaka huo. Wiki ya mwisho ndiyo ya hadhara: picha, makala, mikusanyiko. Siku yenyewe awepo mtu wa kupokea taarifa kutoka kwa familia zinazosubiri nje ya lango la Insein, ambako mabasi hutoka saa nyingi baada ya tangazo, na mara nyingi jina linalotarajiwa halimo. Familia hiyo isiachwe peke yake jioni hiyo.

Hatua ya nane: mtunze aliye ndani

Chakula cha gerezani Myanmar hakimtoshi mtu kuishi miaka. Kinachowatunza wafungwa ni kifurushi cha nyumbani: samaki wakavu, pilipili iliyokaangwa, sabuni, dawa. Familia inayosafiri siku mbili kwa basi kukipeleka inahitaji nauli kuliko inavyohitaji mshikamano wa maneno. Hata hivyo usitume fedha kiholela. Sheria ya ugaidi imetumika kuwafunga watu kwa miamala midogo ya simu, na akaunti nyingi zimefungwa. Pitisha msaada kwa mashirika ya wafungwa wa zamani yaliyo mpakani, yenye uzoefu wa kuufikisha kimyakimya, na ukubali kutopewa risiti yenye jina la mpokeaji.

Kwa mgonjwa, dai la matibabu lianze mapema na lirudiwe bila kuchoka. Zaw Myint Maung, makamu mwenyekiti wa NLD na aliyekuwa waziri kiongozi wa Mandalay, alikuwa na saratani ya damu. Alisamehewa akiwa tayari mahututi na akafariki Oktoba 2024, siku chache baadaye. Nyan Win, wakili wa muda mrefu wa Suu Kyi, aliambukizwa Uviko ndani ya Insein na akafa Julai 2021. Msamaha kama ule wa Zaw Myint Maung hulipunguzia tu gereza hesabu ya vifo, na kampeni iutaje hivyo waziwazi.

Hatua ya tisa: hadharani, au chinichini?

Danny Fenster, mwandishi wa habari Mmarekani, alihukumiwa miaka 11 tarehe 12 Novemba 2021 na siku tatu baadaye akaondoka nchini pamoja na Bill Richardson, gavana wa zamani aliyekwenda kuzungumza na Min Aung Hlaing ana kwa ana. Mwaka mmoja baadaye alitoka Sean Turnell, mchumi wa Australia. Kwa mgeni mwenye pasipoti yenye nguvu njia ya chinichini hufanya kazi, kwa sababu upo mtu wa kumfuata na kipo kitu cha kubadilishana. Kwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sagaing hakuna anayepanda ndege. Yeye kinga yake ni kujulikana, iwapo familia imeridhia.

Ndiyo maana nashauri kila kikundi kilichoko nje kichukue wafungwa wachache wasiojulikana, kisiwe cha mia moja kinachomlilia mtu mmoja maarufu. Chagueni watatu, mjifunze maisha yao, mtaje siku zao za kuzaliwa, mwaandikie barua hata kama hazitafika. Tumieni picha moja iliyo safi, iliyotolewa na familia. Msitengeneze picha za kubuni za mateso kwa kompyuta, maana ya uongo moja itaua za kweli mia. Na chagueni alama rahisi inayodumu. Win Tin, mwandishi wa habari aliyekaa gerezani miaka 19 hadi Septemba 2008, alipotoka aliapa kuvaa shati la buluu, rangi ya sare za gerezani, hadi mfungwa wa kisiasa wa mwisho aachiliwe. Alilivaa kwenye mikutano, mbele ya wageni na mbele ya kamera, hadi alipofariki mwaka 2014. Hakuna aliyezungumza naye bila kuwakumbuka walio ndani.

Hatua ya kumi: akitoka, faili lisifungwe

Wengi wa wanaosamehewa huachiliwa kwa kifungu cha 401 cha sheria ya mwenendo wa jinai, ambacho ni msamaha wa masharti: akikutwa na kosa jingine, atarudishwa amalizie na miaka iliyobaki. Wapo waliokamatwa tena langoni kwa shtaka jipya. Ko Jimmy, aliyetoka katika ule msamaha wa Januari 2012, alikamatwa tena Oktoba 2021, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Julai 2022 akanyongwa pamoja na mbunge wa zamani Phyo Zeya Thaw na wenzao wawili, katika unyongaji wa kwanza nchini humo baada ya zaidi ya miaka 30. Familia hazikupewa miili.

Kwa hiyo katika wiki ya kwanza ya uhuru mpigie, si kwa mahojiano, bali kumuuliza kuhusu mambo manne: karatasi aliyotia saini inasema nini, amepata daktari, ana mahali salama pa kulala, na kitambulisho chake kimerudishwa? Mahojiano na vyombo vya habari yasubiri hadi aamue mwenyewe. Muulize pia aliowaacha ndani, hali zao na mabweni yao, kwani anayetoka huja na majina ambayo hakuna orodha yoyote iliyowahi kuyaandika, na hayo ndiyo mafaili yenu yanayofuata. Lake liendelee kuangaliwa kila mwezi hadi hukumu ifutwe kabisa kisheria, au hadi awe amevuka mpaka na kupata hifadhi yenye karatasi.